Shahada ya Mpiga Kura na Amana ya Mwenye Kuitoa

Wananchi wengi wa Tanzania Bara wameizoea kadi ya mpiga kura kwa jina la "shahada". Jina hilo limesadifu, kwani shahada ni ushahidi. Kadi yenye picha humshuhudia aliyeishika kuwa ndiye mwenye jina lililomo daftarini. Ushahidi huo una faida, nasi hatuupingi. Tunalouliza ni hili: shahidi akikosekana, je, haki nayo ipotee?

Katika chaguzi za mwaka 1995 na 2000, wapiga kura waliandikishwa upya kila mara. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandikwa mwaka 2004, na likatumika katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2005. Mwaka 2015 zikaja mashine za kuchukua picha na alama za vidole, na watu zaidi ya milioni 23 wakaandikishwa. Lengo lilikuwa jema: marehemu asipigiwe kura, wala mtu asipige mara mbili.

Lakini sharti jema huweza kuzaa dhulma likikosa uadilifu. Zanzibar, kwa mfano, iliweka sharti kwamba anayetaka kuandikishwa awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Ili kukipata, mwananchi alihitaji barua ya sheha. Mwaka 2009 wengi walilalamika kuwa wamenyimwa, na uandikishaji kisiwani Pemba ukasimama kwa muda. Mzozo haukuwa juu ya picha. Ulikuwa juu ya mkono unaoitoa.

Na tuwatazame wakazi wa Mapera, wilayani Mbinga, nchi ya kahawa na ya ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huzuia nayo udongo wa milimani usiporomoke. Bibi mkulima huko akiunguliwa na nyumba, au kijana akiangusha kadi yake safarini kuelekea mwambao wa Ziwa Nyasa, hakuna aliyepoteza uraia. Kilichopotea ni kipande cha plastiki. Majirani wanamjua, na jina lake limo daftarini.

Tume ya Uchaguzi ililiona jambo hili. Katika uchaguzi wa mwaka 2020, aliyepoteza kadi aliruhusiwa kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha Taifa, maadamu jina lake limo daftarini. Hiyo ni nafuu ya kushukuriwa. Hata hivyo, pasipoti na leseni ni vitu vya msafiri na dereva; mkulima wa kahawa hana haja navyo. Kwake yeye mlango uliobaki ni kitambulisho cha Taifa, na asipokuwa nacho, mlango umefungwa.

Kwa hiyo tunasema: mwenye kuweka sharti ndiye wa kwanza kubeba mzigo wake. Anayedai picha mlangoni aifikishe kijijini bila malipo, kabla ya siku ya kura na bila kumuuliza mtu ni wa chama gani. Nasi wananchi tuihifadhi shahada yetu, wala tusiiuze, kwani kuiuza ni kosa kisheria na ni khiyana ya amana.

Kura ni amana ya mwananchi, na kitambulisho ni amana ya serikali. Ya pili ikicheleweshwa, ya kwanza imeporwa.