Kitabu Kilichorudishwa kwa Mwenyewe

Jumatatu tarehe 2 Machi 2020, nyumba ya uchapishaji ya Hachette mjini New York ilitangaza kwamba tawasifu ya Woody Allen, mtengenezaji mashuhuri wa filamu, ingetoka mwezi uliofuata. Na Ijumaa ya juma lile lile ikatangaza kwamba haitoki tena, na haki zote za kitabu zimerudishwa kwa mwenyewe.

Allen alikuwa akishutumiwa na binti yake wa kulea, Dylan Farrow, kwamba alimfanyia machafu utotoni, shutuma ambayo ameikana daima wala hakupata kushtakiwa kwayo mahakamani. Na Ronan, nduguye Dylan, alikuwa mwandishi wa nyumba iyo hiyo, ambaye kitabu chake juu ya wakubwa wanaowadhulumu wanawake kilitoka mwaka uliotangulia. Ronan alipopata habari akavunja ushirika nayo, na Alhamisi alasiri makumi ya waajiriwa wakaacha meza zao wakateremka njiani kukipinga kitabu hicho.

Sina neno na walioteremka, kwani mtu anayeacha kazi mchana kweupe ili aseme lililo moyoni naye anautumia uhuru wa kusema. Dhima ni ya mkubwa wao, Michael Pietsch, aliyekuwa ametamka hadharani kwamba kila tawi la nyumba yake huchagua vitabu vyake bila kuingiliwa na jingine, kisha kauli hiyo isihimili jua la alasiri moja. Tangazo la kufuta halikutaja aibu yoyote ya kitabu. Lilisema tu kwamba, baada ya kuwasikiliza wafanyakazi, haikuyumkinika kuendelea. Stephen King, ambaye hakuwa na mapenzi yoyote na Allen, aliingiwa na wasiwasi: je, atakayefungwa kinywa baadaye ni nani?

Siku 17 baada ya kufutwa, kitabu kilitolewa kimyakimya na Arcade, tawi la nyumba nyingine.

Juni ya mwaka huo, Hachette ya London, iliyokuwa chini ya mmiliki yule yule, kampuni ya Lagardère ya Ufaransa, ilifikwa na mtihani wa namna hiyo: baadhi ya wafanyakazi hawakutaka kuishughulikia The Ickabog, hadithi ya watoto ya J. K. Rowling, kwa sababu ya maoni yake juu ya watu waliobadili jinsia. Wakajibiwa kwamba mtu hatalazimishwa kukishughulikia kitabu ambacho yaliyomo yanamuumiza kwa sababu zake binafsi, ama kukikataa kwa kuwa mwandishi ana rai usiyoipenda, aliyoisema nje ya kitabu, hilo ni jambo jingine. Hadithi ikatoka Novemba.