Taa inayopiga shoti: waya wa ethi unapokosekana kwenye nyumba ya kupanga

Siku moja ya kliniki ya watoto hapa Tlawi, mama mmoja aliniambia huku akicheka kwamba taa ya chumbani kwake "inamsalimia". Ni taa ya ukutani, ya bati, juu ya kitanda. Akiigusa wakati wa kufuta vumbi, mkono unamsisimka. Jirani alimshauri avae kandambili kabla ya kuigusa. Nilimwuliza: "Na mwanao wa miaka mitatu, akisimama kitandani, huwa amevaa kandambili?" Akaacha kucheka.

Shoti ndogo si salamu. Ni dalili kwamba umeme umefika mahali usipotakiwa, na siku mkono ukiwa umelowa, shoti hiyo hiyo inaweza kuua.

Waya wa ethi hufanya kazi gani?

Taa huwaka kwa waya mbili: mmoja huleta umeme, mwingine huurudisha. Waya wa tatu, wa ethi, huunganisha sehemu za chuma na fimbo iliyozikwa ardhini. Rangi yake ni kijani, au kijani na njano. Waya wa ndani ukichubuka na kugusa bati la taa, ethi huupa umeme njia ya kwenda ardhini. Ethi isipokuwepo, bati hubaki na umeme likimsubiri mtu aliguse. Mtu huyo ndiye anakuwa njia.

Taa huwaka vizuri hata bila ethi, ndiyo maana watu hukaa miaka bila kujua. Nyumba nyingi za zamani ziko hivyo. Hata Uingereza, ambako mfumo wetu wa nyaya ulitoka, kanuni hazikudai ethi kwenye nyaya za taa hadi mwaka 1966. Na nyumba zetu nyingi za kupanga zilianza na chumba kimoja chenye umeme, kisha waya zikaongezwa kidogo kidogo, mara nyingi mbili tu.

"Lakini tuna sakiti breka"

Sakiti breka hulinda waya zisiungue. Haikulindi wewe. Breka ya taa ya ampea 6 husubiri umeme uzidi ampea 6 ndipo ikate. Moyo wa mtu unaweza kuvurugika kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Ndiyo maana kuna kifaa kingine, mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme mara unapovuja kiasi cha miliampea 30, yaani mara 200 chini ya ampea 6. Kina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Ukikibonyeza, umeme wa nyumba unapaswa kukatika papo hapo. Usipokatika, mwite fundi.

Unachoweza kufanya leo

- Taa au swichi ikikupiga shoti hata kidogo, zima men swichi na usiitumie tena hadi fundi aione.
- Angalia taa, holda na swichi zako. Za chuma kwenye nyaya zisizo na ethi ndizo hatari. Omba ziwekwe za plastiki. Taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba imetengenezwa kutumika bila ethi.
- Sogeza kitanda cha mtoto mbali na taa ya ukutani na swichi.
- Usiguse swichi kwa mikono yenye maji au ukiwa pekupeku kwenye sakafu iliyolowa, hasa baada ya kumwogesha mtoto.
- Kabla ya kubadilisha balbu, zima men swichi. Swichi ya ukutani haitoshi: ikiwa ilifungwa kwenye waya usio sahihi, taa huzimika lakini holda hubaki na umeme. Usibadilishe balbu kwa sababu tu umeme umekatika. Unaweza kurudi ukiwa bado umeishika.

Njia za mkato za kukataa

Fundi akisema ataunga ethi kwenye waya wa kurudisha umeme ndani ya holda, mkatalie. Waya huo ukikatika, kila chuma kilichoungwa nao kitakuwa na umeme wa volti 230. Akisema atafunga ethi kwenye bomba la maji, mkatalie pia, kwa kuwa shoti inaweza kuhamia bombani.

Suluhisho kamili ni kuvuta waya mpya zenye ethi, kupima fimbo ya ardhini na kufunga RCD. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mpaka itakapofanyika, RCD pamoja na taa za plastiki hupunguza hatari sana. Bandika karatasi kwenye boksi la umeme: "Taa hazina ethi, usifunge taa ya chuma." Itamsaidia mpangaji atakayekuja baada yako.

Mtu akipigwa shoti

1. Usimguse. Zima men swichi kwanza.
2. Ukishindwa kuizima, simama juu ya ubao au plastiki kavu, umsukume kwa mpini wa ufagio mkavu wa mti.
3. Kama hapumui, ita msaada na uanze kumbonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpulizie pumzi 2. Rudia bila kuacha hadi msaada ufike.
4. Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu.
5. Mpeleke kituo cha afya hata kama anaonekana mzima, hasa mtoto, mjamzito au aliyezimia. Jeraha la umeme huweza kuwa dogo nje na kubwa ndani.

Kuzungumza na mwenye nyumba

Wengi wetu huogopa kuonekana wasumbufu. Nenda na jambo moja lililo wazi: "Taa ya chumbani inapiga shoti, na nina mtoto mdogo. Naomba fundi aje apime kama kuna ethi." Kama mko wapangaji kadhaa, nendeni pamoja.

Mama yule alienda. Taa ya bati ilitolewa wiki ile ile, ikafungwa ya plastiki. Waya mpya bado wanazijadili, lakini mtoto analala mahali pasipo na chuma cha kugusa.