Mnara wa Limete na Shaba ya Katanga

Dola changa hupenda kuonekana kutoka mbali. Haitosheki na bendera, wimbo wa taifa na kiti katika Umoja wa Mataifa; hutaka pia kitu cha jiwe au cha zege ambacho mgeni atakiona kabla hajazungumza na mtu yeyote. Katika makala haya tunakusudia kueleza kitu kimoja cha namna hiyo, yaani mnara wa Limete mjini Kinshasa, ambao tangu miaka ya 1970 umekuwa kama mlinzi wa njia iendayo uwanja wa ndege wa N'djili. Swali letu ni hili: jengo kubwa linapotangaza kwamba taifa limepata nguvu, nguvu hiyo huwa imekwisha kufika mkononi, au huwa imekopwa kutoka kesho? Msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kuuliza zaidi ya wengine, kwa sababu tutakazoziona.

Tuanze na neno lenyewe. «Mnara» limetujia kutoka Kiarabu, ambamo asili yake ni mahali pa nuru au pa moto. Kiswahili kimelipa kazi tatu. Kwanza ni mnara wa msikiti, anapopanda mwadhini. Pili ni mnara wa taa, unaoongoza vyombo baharini. Tatu ni mnara wa ukumbusho, na hapa urefu si sharti tena: Mnara wa Azimio, uliojengwa mjini Arusha kukumbuka Azimio la mwaka 1967, haukukusudiwa kushindana na Mlima Meru ulio karibu. Basi katika lugha yetu mnara huita, huongoza na hukumbusha. Mnara wa Limete ulitakiwa kufanya yote matatu kwa pamoja, na ugumu wake wote umetokana na hapo.

Umbo lake ni la kushangaza hata kwa mtu aliyezoea miji mikubwa. Nguzo nene za zege, zilizobanana kama mabua yaliyofungwa pamoja, zinapanda hadi juu kabisa. Urefu wote ni mita 210. Hakuna mapambo, hakuna rangi. Zege imeachwa wazi, kama ilivyopendwa na wasanifu wengi wa wakati ule. Msanifu alikuwa Olivier-Clément Cacoub, Mfaransa mzaliwa wa Tunis, aliyekwisha kumjengea Rais Bourguiba wa Tunisia na ambaye alijenga pia kwa Rais Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire. Jina hilo linafaa kukumbukwa, maana linatuonyesha kwamba marais wa Afrika wa kizazi kile, wenye itikadi mbalimbali na tabia mbalimbali, mara nyingine walibisha hodi katika ofisi moja ya usanifu. Taifa lililotaka kujitambulisha kwa sura yake pekee lilichorewa sura hiyo na mtu aliyekuwa akiwachorea jirani zake pia. Hatusemi haya kwa dhihaka. Wasanifu wazalendo walikuwa wachache mno, kwa kuwa ukoloni wa Kibelgiji haukuwafungulia Wakongo milango ya vyuo vikuu ila katika miaka yake ya mwisho.

Aliyeagiza mnara ni Mobutu. Alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na tarehe 30 Juni 1966 akamtangaza Patrice Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Wote waliosikia walijua kwamba mtangazaji huyo ndiye aliyewasimamisha wanasiasa kazi mnamo Septemba 1960, na kwamba askari wake ndio waliomkamata Lumumba kabla hajapelekwa Katanga kuuawa. Barabara kuu ya kwenda N'djili ikapewa jina la Lumumba, na mnara ukawekwa kando ya barabara hiyo uwe ukumbusho wake. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi ilipokuwa ikibadilishwa jina kuwa Zaire (27 Oktoba 1971) na raia wakiamriwa kuacha majina ya Kikristo. Mgeni atokaye uwanja wa ndege alipaswa kupita chini ya ushahidi kwamba Zaire imesimama.

Na kweli, wakati ule ilionekana kusimama. Union Minière ilikuwa imetaifishwa tangu 1967 na baadaye ikawa Gécamines; bei ya shaba ilikuwa nzuri; benki za Ulaya na Marekani zilikuwa zikitafuta wa kumkopesha. Bwawa la Inga la kwanza lilianza kutoa umeme mwaka 1972. Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa mbele ya macho ya dunia nzima. Majengo marefu yalichipuka katika mtaa wa Gombe, na mojawapo, kando ya barabara ya 30 Juni, lilikuwa la Sozacom, shirika lililoundwa 1974 ili kuuza madini ya nchi. Tulitazame vizuri jengo hilo. Shirika liliuza shaba, na shaba ilichimbwa Kolwezi, Kambove, Kipushi na Likasi. Lakini ghorofa zake zilisimama Kinshasa, karibu kilomita 1,500 kutoka kwenye mashimo. Sozacom yenyewe ilivunjwa mwaka 1984. Ghorofa zimebaki.

Hapa ndipo msomaji wa Lubumbashi anapoingia. Zaidi ya nusu ya fedha za kigeni zilizoingia nchini katika miaka hiyo zilitokana na shaba. Kwa hiyo hatukosei tukisema kwamba mnara wa Limete, pamoja na mikopo iliyochukuliwa kwa dhamana ya utajiri huo, umesimama juu ya migongo ya wachimbaji wa huku kwetu. Jiji la Lubumbashi lilikuwa na mnara wake wa zamani: bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba na, kando yake, kilima cheusi cha takataka za madini. Hakuna rais aliyelizindua bomba hilo kama alama ya taifa, wala msanifu mashuhuri hakulichora. Hata hivyo picha yake imekuwa nembo ya jiji, na wachoraji wetu wa vitambaa hawakuchoka kuichora. Bomba liliinuliwa ili kazi ifanyike. Mnara uliinuliwa ili kazi ionekane. Bomba lilipokoma kutoa moshi, mnara haukuweza kuongezewa hata tofali.

Mambo yalibadilika kwa haraka iliyowashangaza hata wataalamu wa benki. Bei ya shaba ilifika kilele katika miezi ya kwanza ya mwaka 1974, kisha ikaanguka. Mwaka 1975 ilikuwa chini ya nusu ya kilele kile. Agosti 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kwenda baharini. Biashara zilizonyang'anywa wageni kwa tangazo la 30 Novemba 1973 zilikuwa zimekwisha kuharibika mikononi mwa waliogawiwa. Katika mwaka huohuo wa 1975 serikali ilishindwa kulipa madeni yake, na Juni 1976 ilikaa mbele ya wadai wake huko Paris kuomba muda. Mwaka 1977 na tena 1978 vita viliingia Shaba, na mara ya pili Kolwezi yenyewe ilitekwa. Gécamines iliendelea kutoa kiasi cha tani 470,000 kwa mwaka hadi katikati ya miaka ya 1980, lakini ilikuwa ikila mwili wake yenyewe, maana mitambo haikufanyiwa ukarabati. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000.

Mnara ulibaki bila kukamilika kwa miaka mingi. Wapita njia waliuona kila siku, wala hakuna aliyehitaji kusoma taarifa ya benki ili kujua hali ya hazina. Kwa maoni yetu, mnara uliokwama ni mwaminifu kuliko ule uliokamilika: unaonyesha tarehe ambayo fedha zilikatika, kama alama ya maji inavyobaki ukutani baada ya mafuriko.

Je, jambo hili ni la Kongo peke yake? La hasha, nalo linao mfano wa kale katika ulimwengu wa Kiswahili, mfano ambao kwa njia ya ajabu unatugusa hata sisi wa bara. Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Unguja jumba ambalo watu waliliita Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Lilikuwa refu kuliko nyumba zote za mji, lenye nguzo za chuma kutoka Ulaya na veranda pana. Taa za umeme ziliwaka humo wakati ambapo miji mingi ya dunia ilikuwa bado gizani. Utajiri wa dola ile ulitokana na karafuu na ushuru wa forodha, na sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizolipiwa ushuru zilitoka Maniema, zikiletwa na misafara ya watu kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, waliokuwa na makao Kasongo. Pembe za Maniema kwa jumba la Unguja, shaba ya Katanga kwa mnara wa Kinshasa: njia ni tofauti, mwendo ni mmoja.

Na saa ya ujenzi nayo inafanana. Miaka mitatu tu baada ya jumba kusimama, mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalimbakishia Sultani visiwa vyake na ukanda wa maili 10 wa pwani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga eneo la kasri kwa mizinga, vita ambavyo havikumaliza hata saa moja. Mnara wa taa uliosimama mbele ya jumba uliharibika usifae tena. Jumba lenyewe liliokoka, likaongezewa mnara wa saa. Liliendelea kuchakaa mpaka sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa.

Wako wanafunzi wanaohitimisha upesi kwamba majengo haya ni majivuno tu, na kwamba fedha zake zingejenga zahanati na madarasa. Kuhusu fedha, wana haki. Kuhusu majivuno, tunawaomba wasubiri kidogo. Mkoloni naye alijenga ili aonekane: jengo la Forescom, lililokamilika Kinshasa mwaka 1946 wakati mji ukiitwa Léopoldville, lilisifiwa kama ghorofa la kwanza la fahari katika sehemu hizi, nalo liliwaambia Wakongo waliolitazama kutoka chini kwamba ufundi wa juu si wao. Kizazi cha uhuru kilichotaka kulijibu jengo hilo kwa jengo hakikuwa cha wapumbavu. Kosa halikuwa katika kutaka kuonekana. Kosa lilikuwa katika hesabu: bei ya kitu kimoja, inayopangwa London, ilichukuliwa kana kwamba ni mshahara wa kudumu.

Palikuwa na tatizo jingine pia, zito kuliko hesabu. Mnara ulikuwa wa kumkumbuka mtu asiye na kaburi. Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 katika pori la Shilatembo, si mbali na mji wetu, ulioitwa Élisabethville siku zile. Mwili wake ulikatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali, na polisi mmoja wa Kibelgiji akajiwekea jino. Mtu aliyeondolewa duniani hivyo, ili asibaki hata mfupa wa kuzikwa, alijengewa mita 210 za zege na serikali ya yule aliyechangia kumwangamiza. Urefu ulikuwa ukifunika kitu. Sanamu ya Lumumba, mkono wa kulia umeinuliwa, iliwekwa chini ya mnara mwaka 2002 tu, miaka mitano baada ya Mobutu kuanguka.

Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliirudishia familia jino hilo. Sanduku lilizungushwa nchini: likafika kijijini Onalua alikozaliwa, likafika Kisangani, likafika Shilatembo, na tarehe 30 Juni 2022 likazikwa katika kaburi lililojengwa chini ya mnara wa Limete. Hivyo, baada ya nusu karne, mnara ulipata sababu yake, nayo ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea katika kiganja. Novemba 2024 watu walivunja kaburi na kuharibu sanduku. Serikali ilitangaza kwamba jino liko salama.

Limebaki jambo la lugha, ambalo haliwezi kuachwa katika jarida kama hili. Wakazi wa Kinshasa, wakitaka kuutaja mnara, hawasemi Lumumba, wala hawasemi Mobutu. Husema «Échangeur», neno la Kifaransa la makutano ya barabara kuu, pale magari yanapobadilishana njia. Dereva wa basi hulitangaza kama kituo, abiria hushuka, wauza mikate hupita kati ya magari. Atakayetaka kuitafsiri sentensi ya dereva huyo kwa Kiswahili sanifu atalazimika kuchagua kati ya «mnara» na «njiapanda». Sisi tungechagua njiapanda.