Ngoma Shuleni Lubumbashi: Pambo la Wageni au Somo la Mtoto?

1. Utangulizi

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki na ya Kati, mtoto wa shule huitwa kucheza ngoma siku ya mgeni. Waziri akija, jengo jipya likifunguliwa au mwaka wa masomo ukimalizika, kikundi cha wanafunzi huvishwa sare, hupangwa mstari, hucheza kwa dakika chache, kisha hurudi darasani kwenye kile kinachohesabiwa kuwa masomo yenyewe. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo, kwa upande wa Lubumbashi, ina historia yake, na kwamba historia hiyo ndiyo inayoeleza ugumu wa kuifanya ngoma kuwa somo. Hoja yetu ni moja: katika mji huu ngoma imepata kuingia shuleni zaidi ya mara moja, lakini kila ilipoingia ilikuwa mtumishi wa mamlaka fulani. Bado haijakaribishwa kikamilifu kama elimu ya mtoto mwenyewe.

2. Neno na maana zake

Inafaa kuanza na lugha. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mwendo wa mwili unaokifuata chombo hicho, na pia ni mkusanyiko wa watu waliokuja kupiga, kucheza, kuimba na kutazama. Kitenzi kucheza nacho kina upana wake: mtoto hucheza mpira, kijana hucheza ngoma, na mwigizaji wa Lubumbashi husemwa kuwa anacheza anapoigiza, kazi yake ikiitwa mchezo.

Upana huu una faida na hasara. Faida yake ni kwamba lugha yenyewe haitenganishi muziki, uchezaji na maigizo kama vile Kifaransa cha shuleni kinavyovitenganisha. Hasara yake ni kwamba mchezo ni kinyume cha kazi. Mzazi aliyejinyima ili mwanawe asome, akisikia kwamba anachezeshwa shuleni, haoni elimu hapo. Kwa hiyo anayetaka kuipeleka ngoma darasani hana budi kwanza kueleza ni maarifa gani yanayopatikana ndani yake.

3. Ngoma kama shule

Maarifa hayo yalikuwako kabla ya shule ya daftari. Miongoni mwa Waluba, ambao nchi yao ya asili iko kaskazini mwa eneo la Katanga, chama cha Mbudye kilikabidhiwa kumbukumbu za ufalme. Wanachama wake walipanda daraja kwa daraja, wakijifunza asili ya wafalme, miiko ya utawala na majina ya mahali patakatifu. Walitumia ubao uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga au michoro, ambao mjuzi aliupapasa kwa kidole huku akisimulia. Historia hiyo ilichezwa pia: uchezaji wa Mbudye ulikuwa njia mojawapo ya kuyadhihirisha mbele ya umma yale yaliyohifadhiwa katika ubao.

Kwa Wachokwe, Walunda na jirani zao wa upande wa magharibi, wavulana waliingia kambi ya jando iitwayo mukanda. Humo, pamoja na mafunzo ya utu uzima, walifundishwa nyimbo na kucheza, na siku ya kutoka walionyesha kwa miili yao kile walichojifunza. Twaweza kusema kwamba uchezaji huo ulikuwa kama mtihani: jamii nzima ilitazama na kupima.

Mifano hii miwili haitajwi ili kuomba siri za jando zihamishiwe darasani. Inatajwa kwa sababu inathibitisha jambo la msingi: ngoma ilikuwa na mwalimu, ngazi za kujifunza, maudhui na tathmini. Hizo ndizo sifa tunazodai kwa somo lolote.

4. Mji wa shaba na ngoma zake

Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ikawa mwajiri wake mkuu. Wafanyakazi walitoka mbali na kusema lugha nyingi. Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Ngoma ikawa mahali pao pa kukutana.

Mbeni, iliyozaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi na gwaride la kijeshi, ilienea na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hata ikafika Katanga. Vyama vyake vilikuwa na vyeo, sare na utaratibu wa kusaidiana. Wakuu wa serikali na wa misheni walivishuku, kwa maana waliona watu wakijipanga wenyewe bila kuamriwa.

Ngoma ya kalela, iliyovuma katika ukanda huo wa shaba na kuandikwa na J. Clyde Mitchell mwaka 1956 kutokana na utafiti wake upande wa Zambia ya leo, ilikuwa na mfalme wake, daktari aliyevaa joho jeupe na muuguzi. Ngoma zenyewe zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta. Wachezaji walivaa nadhifu, wakasifu kabila lao na kuyatania mengine. Katika utani huo walikuwa wakijifunza namna ya kuishi mjini na watu wasiofanana nao.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Wamisionari Wabenedikto walioshika elimu walipendelea kwaya na bendi. Hatuna haki ya kuyadharau matunda yake: kutoka kwaya ya wavulana iliyojulikana kwa jina la Msalaba wa Shaba, iliyosafiri hadi Ubelgiji mwaka 1953, na kutoka kazi ya mtunzi na mwalimu Joseph Kiwele, ulizaliwa muziki uliochanganya sauti za nchi na ufundi wa Ulaya. Hata hivyo mwili ulitakiwa kutulia. Sauti peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kusafiri. Ngoma iliporuhusiwa jukwaani, kama katika onyesho kubwa la Changwe Yetu la mwaka 1956, lililopelekwa Brussels katika maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1958, ilikuwa ni kwa ajili ya macho ya mgeni.

5. Wakati wa animasiyo

Mkoa ulipokuwa ukiitwa Shaba, kati ya mwaka 1971 na 1997, ngoma ilipata kibali kipya. Siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu ilitukuza utamaduni wa mababu, na vikundi vya animasiyo ya kisiasa vikaundwa katika makampuni, ofisi na shule. Wanafunzi walicheza kumsifu kiongozi na chama chake. Kwa mara ya kwanza ngoma za nchi zilikuwa na nafasi rasmi katika maisha ya shule, na kwa bahati mbaya zilikuwa na ujumbe mmoja tu. Kucheza kulikuwa amri, na kutocheza kulikuwa hatari.

Mfumo wa chama kimoja ulipofikia mwisho mwaka 1990, animasiyo ilianguka pamoja nao. Lakini aibu yake ilibaki. Wengi wa waliokuwa wanafunzi wakati huo ni wazazi na walimu, hata babu na bibi, na hatupaswi kushangaa wakisikia maneno ngoma shuleni na kukumbuka kwanza jua kali la uwanja wa gwaride. Aidha, makanisa ya uamsho yaliyoenea baadaye yaliongeza shaka ya aina nyingine, kwa kuzihesabu ngoma za jadi kuwa mambo ya mizimu.

6. Mbinu iliyomo mjini

Je, pafaa kuagiza mbinu kutoka nje? Mifano ya majirani ina mafunzo. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, kimeonyesha kwamba mchezaji aweza kufundishwa kwa utaratibu kama fundi mwingine yeyote. Mashindano ya muziki ya shule za Kenya yameziweka ngoma mbele ya maelfu ya watoto, ingawa alama za majaji huweza kuigandisha ngoma katika umbo moja linaloshinda.

Hata hivyo mbinu iliyo karibu zaidi imo Lubumbashi kwenyewe. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya kikundi cha Mufwankolo, ameeleza jinsi waigizaji hao walivyotengeneza mchezo mwaka 1986 kutokana na msemo kuhusu mamlaka. Hawakuwa na andiko la kukariri. Walijadiliana juu ya maana ya msemo, wakapanga matukio, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika Kiswahili cha mji. Mwalimu akilitazama hilo ataona somo kamili: kufikiri, kujadili, kupanga, kujaribu na kusahihishana.

Mfano wa kizazi cha karibuni ni Dorine Mokha, mchezaji na mtunzi aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1989 na kufariki Januari 2021. Katika kazi kama Hercules of Lubumbashi ya mwaka 2019, aliyoifanya pamoja na mtunzi Elia Rediger, uchezaji ulihoji mambo ya migodi na haki za watu. Mwili uliokuwa ukimsifu mkubwa sasa ulikuwa ukiuliza maswali.

Kwa shule ya kawaida twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kipindi kimoja kwa juma, uwanjani, kisichoandaliwa kwa ajili ya mgeni yeyote. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yalifurika. Ngoma ina bahati kwamba haihitaji madawati. Pili, kazi ianze kwa kuuliza: watoto wamwendee mzee wa nyumbani, wajue ngoma fulani ilichezwa lini, na nani, kwa nini. Ngoma ikijulikana historia yake, hofu ya mizimu hupungua, na mzazi asiyeridhika aweza kueleza sababu zake badala ya kukataa tu. Tatu, mazungumzo yawe kwa Kiswahili cha watoto. Kifaransa cha darasani huwanyamazisha wengi. Katika mchezo mtoto aliyenyamaza hesabuni aweza kuwa wa kwanza kupendekeza hatua.

7. Hitimisho

Jengo kubwa la maonyesho lililojengwa Lubumbashi katika miaka ya 1950 limekuwa makao ya Bunge la mkoa. Nyumba ya wachezaji imekuwa nyumba ya watawala, na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa kwa ngoma ya shuleni. Jengo lina wenyewe, nasi hatulidai. Lakini uwanja wa shule ungali wa watoto. Kipimo cha ngoma iliyo somo ni chepesi: wageni wasipokuja, je, watoto wataendelea kucheza, na wataweza kueleza wanachokicheza? Shule itakayojibu ndiyo imeanza kufundisha.