Shida Ikibisha Hodi, Nyumba Isivunjike

Ndugu mkulima, ukisimama pwani ya Shela ukatazama ng'ambo ya mkondo, utaona ncha ya kisiwa cha Manda. Hapo ndipo Ras Kitau. Mchanga ni mwingi, bahari ni tele, lakini maji matamu ni ya shida. Kwa hiyo watu wa visiwa hivi tangu zamani hujenga jabia za kukinga maji ya mvua. Jabia hujengwa kiangazi, kabla ya wingu kuonekana. Aliyengoja mpaka mvua inyeshe amechelewa.

Mambo ya fedha nayo ni vivyo hivyo. Kwa miaka mingi jamaa nyingi za Shela na Manda zilikula kwa kazi ya wageni: wapishi, manahodha, watunza bustani na walinzi wa nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2011 watu wenye bunduki walifika Ras Kitau kwa mashua, wakamteka mgeni mmoja kutoka Ufaransa, naye akafia mikononi mwao huko Somalia. Watalii wakaogopa, vyumba vikabaki vitupu. Mwezi Juni 2014 yakaja mauaji ya Mpeketoni, na baada yake amri ya kutotembea usiku. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Kuanzia tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nchi za nje zilizuiwa kuingia Kenya, zikaruhusiwa tena tarehe 1 Agosti.

Usiseme, "Hayo ni ya watu wa visiwani, mimi nina shamba langu." Mpishi wa Ras Kitau akikosa kazi, mkulima wa Hindi hukosa wa kumwuzia nyanya, mayai na maembe. Shida ya mmoja huvuka maji ikafika kwa mwingine. Tena wako wakulima waliokwisha kuacha jembe kwa ajili ya mshahara wa hoteli. Wazee walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mshahara ni jambo jema, lakini shamba lisiote nyasi kwa ajili yake.

Semeni ukweli nyumbani

Shida ya fedha haivunji nyumba kwa siku moja. Kwanza baba hunyamaza. Huona haya kusema kwamba mfuko ni mtupu. Mama huona amebadilika, naye hudhani kuna jambo jingine. Watoto husikia maneno makali wasijue sababu. Hivyo umaskini huleta ugomvi, na ugomvi huzidisha umaskini.

Basi, kaeni pamoja jioni moja baada ya chakula. Leteni daftari. Andikeni upande mmoja kilichopo, upande wa pili kinachodaiwa. Mtoto aliye shuleni ndiye aandike, maana hiyo ni hesabu bora kuliko ya ubaoni. Mtoto akielezwa kwa upole kwamba mwaka huu hakuna viatu vipya, atavumilia. Asiyeelezwa hudhani hapendwi.

Hesabuni siku, si shilingi peke yake

Tufanye mfano. Jamaa ya watu sita ikila kilo 2 za mahindi kwa siku, gunia la kilo 90 litakaa siku 45. Magunia 8 ni siku 360, karibu mwaka mzima. Sasa deni la dukani limemsumbua baba, naye mwanzo wa Septemba ameuza magunia 3. Yamebaki 5, yaani siku 225. Chakula kitakwisha katikati ya Aprili, wakati masika yanaanza, jembe linadai nguvu, na mavuno yako mbali. Hapo atanunua mahindi kwa bei ya juu kuliko aliyouzia, pengine kwa kukopa duka lile lile.

Afadhali umwendee mwenye duka mapema, umwombe kulipa kidogo kidogo. Muungwana husikia neno la mtu asiyejificha. Uza nazi, kuku au makuti kabla ya kugusa ghala. Panda muhogo na kunde pembeni mwa shamba, maana hivyo ndivyo vitakavyokushika mkono mahindi yakipunguka.

Shamba si kuku

Siku za dhiki ndipo madalali hujua njia ya kwako. Tangu kazi ya bandari mpya ya Lamu ilipozinduliwa tarehe 2 Machi 2012, ardhi ya bara inatazamwa na wengi. Fedha ya shamba huisha, shamba halirudi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mume wala mke kuuza mali ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Sheria hiyo ni ngao. Mtu akikuharakisha utie sahihi leo, mwambie, "Nitazungumza na watu wa nyumbani kwanza."

Tena usimtoe mtoto shuleni, wala usimwoze binti upesi ili upunguze mdomo mmoja. Tangu mwaka 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Kama sare imeraruka, itiwe kiraka. Kiraka si aibu.

Furaha isiyonunuliwa

Wengine hudhani moyo mkunjufu ni wa mwenye fedha. Sivyo. Vitendawili havina bei, wala bao, wala hadithi za bibi. Sikukuu ya Idi au Krismasi ikifika na nyama hakuna, pikeni wali wa nazi, mkaribisheni jirani, muimbe. Mtoto atakumbuka kicheko miaka mingi baada ya kusahau kitoweo.

Lakini mmoja wenu akikaa peke yake kila siku, halali, hali, na kusema hana faida, msimcheke wala msimwite mvivu. Huyo ni mgonjwa kama mwenye homa. Mpelekeni zahanati, na asiachwe peke yake.

Mwezi huu, ndugu mkulima, fanya mambo matatu. Fungua daftari la nyumba. Hesabu magunia yako kwa siku. Mwulize mwenzio wa nyumbani, "Ni jambo gani linalokutia hofu?" kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize. Baada ya dhiki faraja, lakini faraja ikija iwakute mngali pamoja.