Namna ya kutunza miti ya mujini

Watu wengi hufikiri ya kuwa muti ukisha kupandwa, basi, kazi imekwisha. Katika pori ni hivyo. Lakini mujini muti unaishi kwa taabu: udongo umekanyagwa na motokari, mizizi imezuiwa na simenti, shina limepigiliwa misumari, na wengine wanachoma takataka chini yake. Sharti uwe na mutu wa kuutunza.

Tuangalie Lubumbashi. Muji huo ulianzishwa mwaka wa 1910 katikati ya pori la miombo. Kando ya barabara ilipandwa jakaranda, muti wa Amerika ya Kusini, ambao maua yake ya urujuani hutoka mwisho wa kiangazi. Leo miombo ya kuzunguka muji imekatwa sana kwa makala. Kwa hiyo kivuli cha mujini kimekuwa mali. Lakini tufani ikivunja tawi juu ya nyumba, watu husema: «Muti ni hatari, tuukate!» Sisi tunajibu: mara nyingi hatari ilitoka katika mupanga uliokata vibaya zamani.

1. Kukata tawi. – Mwili wa mutu ukijeruhiwa, nyama mpya inaota na kidonda kinapona. Muti haufanyi hivyo. Alex Shigo, mutaalamu wa Marekani aliyepasua maelfu ya mashina, alionyesha ya kuwa muti hauponyi kidonda: unakizungushia ukuta ili uozo usipite, kisha unaendelea kukua. Ukuta huo unajengwa kwenye shingo ya tawi, ndipo palipovimba kidogo tawi linapotoka katika shina. Ukikata shingo yenyewe, umebomoa ukuta. Ukiacha kipande kirefu, kitaoza, na uozo utaingia ndani. Kwa hiyo tukate nje kidogo ya shingo.

Tawi zito hukatwa kwa musumeno mara tatu. Kwanza toka chini, mbali kidogo na shina, lakini usikate kupita kati. Pili toka juu, mbele kidogo zaidi. Tawi litaanguka pasipo kuchuna ganda la shina. Tatu, ondoa kipande kilichobaki. Usipake lami wala rangi: hazizuii uozo.

Kukata kichwa chote cha muti ni kosa kubwa. Matawi mapya yanaota upesi, nasi tunafurahi. Kumbe hayakushikwa imara katika shina. Yakisha kuwa mazito, upepo unayavunja. Hivi mwenyi kuogopa muti ndiye anayeutia hatari.

2. Mizizi. – Mizizi mingi haiendi chini sana. Inatambaa karibu na uso wa udongo, hata kupita mwisho wa matawi. Basi tusichimbe mufereji karibu na shina, tusimwage simenti juu yake. Tutandaze majani makavu chini ya muti, lakini yasiguse shina, lisije likaoza. Muti muchanga upewe maji kiangazi, hasa katika miaka miwili ya kwanza.

3. Mimea migeni. – Si kila mugeni ni adui. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika, nao unatulisha. Adui ni mumea unaojieneza pasipo kuzuiwa na kusonga mingine. Gugu-maji, lenye maua mazuri, lilionekana katika muto Congo mwaka wa 1952. Kwa miaka mitatu lilikuwa limeenea kilometa 1,600 hivi. Serikali ya wakati ule ilipulizia dawa kwa gharama kubwa, lakini gugu lingali mutoni hata leo.

Katika Lubumbashi tunaona titonia kando ya barabara na katika viwanja vilivyoachwa. Ni mumea wa Mexico, wenyi maua ya manjano mufano wa alizeti. Mbegu zake ni nyingi. Tuikate mbele ya maua kuzaa mbegu. Majani yake ni mbolea nzuri kwa shamba. Lakini tusichukue mbegu zake wala vipande vya mashina kwenda navyo pahali pengine kwa uzuri wa maua tu.

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Mwalimu anaweza kuonyesha wanafunzi shingo ya tawi katika kiwanja cha shule, kwa muda wa robo saa. Mutoto aliyeiona kwa macho yake hataikata tena. Na muti uliokatwa vema leo utampa kivuli hata akiwa muzee.