Kabla ya Kumlipa Wakala wa Safari za Kikazi: Mwongozo kwa Vyama na Biashara za Kitui na Makueni

Simu inaingia Alhamisi jioni. Mnunuzi wa maembe aliyeko Mombasa amekubali kukutana na wakulima, lakini anataka iwe Jumanne asubuhi. Chama kiko Wote, wanaosafiri ni sita, na pesa za safari zimechangwa na wanachama wote. Mmoja wa kamati anamjua "kijana mmoja mzuri sana" anayepanga safari. Kijana anatuma nambari yake ya simu na maneno manne: "Tuma leo, nafasi zinaisha."

Mweka hazina ameshika simu mkononi. Afanye nini?

Makala haya tumemwandikia yeye, na kila mtu anayelipia safari kwa pesa ambazo si zake peke yake: mwenye duka la jumla Kitui mjini anayempeleka karani wake Nairobi, kikundi cha asali cha Mwingi kinachoenda maonyesho, au wafanyabiashara wa ndengu wanaotafuta soko nje ya nchi. Watu wengi huchagua wakala kwa kuangalia bei. Sisi tunasema hivi: anza kwa kuuliza pesa zinaingia kwa nani, na safari ikivunjika zinarudi vipi. Bei ije baadaye.

Kwanza, unamhitaji kweli?

Si kila safari inahitaji wakala. Mtu mmoja anayetoka Kitui kwenda Nairobi na kurudi siku hiyo hiyo ana haja ya nauli ya matatu tu. Tiketi ya treni ya Madaraka Express unaweza kujikatia mwenyewe kwa simu na kulipa papo hapo.

Wakala anaanza kuwa na faida watu wakiwa wengi, safari ikiwa na vipande vingi (treni, gari, hoteli, mkutano), au mkivuka mpaka. Hapo unalipia mtu wa kukaa na simu yako saa nne usiku dereva akikosekana. Kama hawezi kufanya hivyo, unalipia kitu ambacho ungefanya mwenyewe.

Mpime kwa swali la njia

Kabla ya kuongea pesa, muulize wakala: "Watu wangu wako Wote, wanaenda Mombasa. Utawapitisha wapi?"

Wakala asiyejua Makueni atawaleta Nairobi kwanza, wapande treni pale, halafu treni iwarudishe kupitia kaunti yao wenyewe. Anayejua atakwambia kwamba treni ya kusimama vituoni, ile inayotoka Nairobi asubuhi, husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Kutoka Wote, Emali ni karibu kuliko Nairobi. Unaokoa nauli, na pengine usiku mzima wa hoteli.

Kwa Kitui ni vivyo hivyo. Siku hizi kuna lami kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, ambapo unaingia barabara ya Mombasa. Anayekupangia safari ya pwani kupitia Machakos au Nairobi na akakosa sababu nzuri, huyo anapanga kwa mazoea tu.

Swali hili halikugharimu kitu, na jibu lake linakuonyesha mengi.

Je, ni biashara au ni mtu tu?

Nchini Kenya, mawakala wa usafiri hupewa leseni na Mamlaka ya Kusimamia Utalii (TRA) chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Mwombe nakala ya leseni na uangalie kama bado haijaisha muda. Wengine pia ni wanachama wa KATA, chama cha mawakala wa usafiri nchini, na wanaokata tiketi za ndege za kimataifa wanaweza kuwa na kibali cha IATA. Hivyo viwili vinamwongezea uzito. Leseni ni lazima.

Mwombe pia PIN ya KRA ya biashara. Kwenye tovuti ya iTax kuna sehemu ya kukagua PIN bila malipo. Weka ile nambari uone jina linalotokea. Liwe lile lile lililo kwenye leseni, na lile lile litakalotokea ukilipa. Majina matatu tofauti kwa biashara moja ni sababu ya kutulia na kuuliza.

Kama atawapa gari la kukodi, uliza leseni ya NTSA ya kubeba abiria na bima ya gari hilo. Mambo haya huonekana madogo mpaka siku ya ajali.

Bei: omba ichanganuliwe

Mwambie akupe bei kwa maandishi, kila kitu na mstari wake. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wa wale watu sita wa Wote, siku mbili za kulala Mombasa:

- Wakala wa kwanza: Sh84,000, "kila kitu ndani". Hakuna mchanganuo.
- Wakala wa pili: nauli ya kwenda na kurudi Sh24,000; hoteli Sh4,000 kwa mtu kwa usiku, jumla Sh48,000; gari la kuzungukia Mombasa Sh12,000; ada yake Sh1,000 kwa kila msafiri, jumla Sh6,000. Zote pamoja Sh90,000.

Wa kwanza anaonekana rahisi kwa Sh6,000. Sasa tuseme mnunuzi anapiga simu Jumamosi: mkutano umesogezwa mbele wiki mbili. Wakala wa pili alikuwa ameandika kwamba mkiahirisha siku tatu kabla, mnapoteza ada yake na nusu ya nauli. Hiyo ni Sh6,000 na Sh12,000, jumla Sh18,000, na Sh72,000 zinarudi. Wa kwanza hakuandika chochote, na sasa anasema pesa zilishalipwa kwa hoteli na hazirudi. Chama kilichookoa Sh6,000 kimepoteza Sh84,000.

Kwa hivyo swali muhimu kwenye bei ni hili: "Tukiahirisha, tunarudishiwa ngapi, kwa siku ngapi, na kwa nambari gani?" Jibu liwe kwenye maandishi kabla hujalipa hata shilingi moja.

Na usione vibaya akiwa na ada. Wakala hula kupitia ada au faida anayoficha ndani ya bei. Ada iliyoandikwa unaiona. Ile nyingine huioni.

Pesa ziende kwa biashara

Hapa ndipo sisi tunapoingia.

1. Lipa kwa till au paybill ya biashara, usitume kwa nambari ya mtu binafsi. Akisema "till yetu ina shida leo", ngoja itengenezwe.
2. Kabla muamala haujakamilika, jina la anayepokea hutokea kwenye skrini. Lisome, lilinganishe na leseni. Sekunde hizo chache ndizo ulinzi wako mkubwa.
3. Lipa kwa awamu. Toa sehemu ya kuweka nafasi, na salio ulipe tiketi zikishatoka na hoteli ikishathibitisha.
4. Lipa kutoka laini au akaunti ya chama, si laini ya mweka hazina. Mkubaliane kwamba pesa zikirudi, zinarudi pale pale zilipotoka.
5. Hifadhi ujumbe wa muamala na uutume kwa kikundi chenu siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia sana kwenye safari kubwa. Tuseme ni safari ya nje ya nchi, jumla Sh600,000. Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauwezi kuzidi Sh250,000, na kwa siku huwezi kuzidi Sh500,000. Wakala anakwambia: "Ili tusisumbuliwe na hiyo limiti, gawa, utume kwa laini hizi tatu." Kataa. Kiwango hicho si sababu ya kutawanya pesa kwa laini za watu. Lipa kwa paybill ile ile kwa siku mbili, au lipa kupitia benki. Wakala wa kweli anakijua kiwango hicho na ameshapanga malipo yake kukizingatia.

Tiketi imetoka, au imeshikwa tu?

Watu wengi huumia hapa, hasa kwa tiketi za ndege. Wakala anakutumia karatasi nzuri yenye jina lako, tarehe, na msimbo wa herufi na tarakimu sita. Unaona safari imekamilika. La hasha. Msimbo ule unaonyesha nafasi imeshikwa. Nafasi inaweza kushikwa bila kulipiwa, na muda ukiisha inaachiliwa kimya kimya.

Tiketi iliyolipiwa ina nambari yake yenye tarakimu 13. Itafute kwenye karatasi. Halafu ingia tovuti ya shirika la ndege lenyewe, uweke ule msimbo na jina la mwisho la msafiri, uone kama safari inatokea. Usitumie linki aliyokutumia wakala. Kwa hoteli, piga simu mapokezi uulize kama chumba kimelipiwa, na kwa jina la nani.

Majina yetu yana mitego

Mutisya au Mutisia? Nzioka au Nzyoka? Syombua au Siombua? Nyumbani wote ni wale wale. Kwenye uwanja wa ndege si hivyo. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na kulirekebisha baadaye mara nyingi hulipiwa. Usimsomee wakala majina kwa simu. Yachukue kwenye hati yenyewe, uyaandike, na umwambie ayarudishe kwa maandishi uyakague kabla hajakata. Kwa treni pia, beba kitambulisho chenye nambari uliyotumia kukata tiketi.

Mkivuka mpaka, uliza mapema ni hati gani inahitajika. Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania ni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wakala anayewaambia "kitambulisho kinatosha kote" atawaacha Namanga.

Risiti na posho

Kama biashara yako inalipa kodi, jambo hili ni la pesa halisi. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi na KRA kuondolewa kwenye hesabu ya faida. Kwa hivyo ada ya wakala, hoteli na gari la kukodi ziwe na ankara ya eTIMS yenye PIN ya biashara yako. Ujumbe wa simu unathibitisha kwamba umelipa, lakini hauchukui nafasi ya ankara. Muulize wakala mapema: "Unatoa eTIMS?" Akisema hapana, bei yake nafuu si nafuu tena.

Posho ya mfanyakazi anayesafiri kikazi nayo ina utaratibu wake. Kuanzia Julai 1, 2025, posho ya hadi Sh10,000 kwa siku haitozwi kodi. Zamani ilikuwa Sh2,000. Mtumie kila mtu posho yake moja kwa moja kwa simu yake. Usimpe kiongozi wa msafara zote agawe njiani. Ukituma, kila mtu ana rekodi yake na hakuna kunung'unika mkirudi.

Mambo yakiharibika

Ukikosea nambari, chukua hatua mara moja. Kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Lakini elewa kitu kimoja: huduma hiyo ni ya makosa ya kutuma. Kama ulimlipa uliyetaka kumlipa na yeye akakosa kutoa huduma, huo ni mgogoro wa biashara, na pesa zikishatolewa hakuna kitufe cha kuzirudisha. Ndiyo maana tumesisitiza maandishi, awamu na jina sahihi.

Ukiona umetapeliwa, kusanya ujumbe wa muamala, mazungumzo na ile bei ya maandishi. Nenda kituo cha polisi, uandikishe taarifa na upewe nambari ya OB. Tujulishe sisi pia mapema. Na mtu akikupigia akidai anakusaidia kurudisha pesa, kisha aombe PIN yako, kata simu. PIN hatuiombi kamwe.

Turudi kwa mweka hazina

Alhamisi ile jioni, jibu lake kwa "tuma leo, nafasi zinaisha" liwe fupi: "Nitumie leseni, till ya biashara, na bei kwa maandishi pamoja na masharti ya kuahirisha. Zikifika leo, tutalipa sehemu ya kwanza leo."

Wakala mzuri atazituma ndani ya saa moja, maana anazo. Asiyezituma amejibu pia. Na kama zimechelewa mpaka treni ijae, kuna basi pale Emali. Safari inaweza kupatikana kwa njia nyingine. Pesa za wanachama zikipotea, mweka hazina ndiye atakayesimama mbele yao kwenye mkutano kueleza.